Vioo vya rangi mlangoni ni sawa, lakini fremu ya zamani msiing'oe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wenye nyumba za zamani hapa Tabora, zile za matofali mabichi zenye baraza mbele, na zile zilizojengwa karibu na wakati reli ilipofika mwaka 1912. Maombi yanayoletwa kwa mafundi ni kung'oa mlango wa mbele pamoja na fremu yake, kisha kuweka mlango mpya wenye vioo vya rangi kama vya kanisani. Vioo hivyo ni kazi nzuri na hatumkatazi mtu. Tunachopinga ni kung'oa fremu.

Katika nyumba nyingi za namna hii fremu ilisimamishwa kwanza, ukuta ukajengwa ukiizunguka. Pembe zake za juu zimezama ndani ya udongo, na boriti iliyobeba ukuta juu ya mlango mara nyingi imekaa karibu nayo au inaiegemea. Ukiichomoa kwa mtaimbo, udongo unamwagika pande zote mbili na ufa unapanda kutoka pembe za juu kwenda darini. Kisha fundi anaziba kwa saruji, na saruji haishikamani na udongo: inafungia unyevu ndani, na baada ya masika inabanduka pamoja na kipande cha ukuta. Kama mwimo mmoja (mti wa pembeni wa fremu) umeliwa na mchwa chini, hakuna haja ya kubomoa. Kata sehemu iliyooza kwa mshazari, unga kipande kipya cha mbao ngumu kavu kwa gundi na vigingi vya mbao, na sehemu inayogusa sakafu ikalie jiwe au zege, isikae kwenye udongo.

Kwa milango ya nakshi kuna jambo la sheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda mlango wa mbao au fremu yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kuuza au kusafirisha nje ya nchi kitu cha namna hiyo kunahitaji kibali. Basi anayekuja na fedha mkononi akitaka "mbao zako za zamani", mwulize kibali kwanza.

Mahali pazuri kuliko pote pa kuweka rangi ni juu ya mlango, penye kile kidirisha cha mwanga chenye nondo au wavu. Pale hapapigwi kishindo, mkono wa mtoto haufiki, mwizi hapati njia, na jua la asubuhi au la jioni linamwaga rangi sebuleni. Fremu haiguswi kabisa. Kama nyumba yako ina nafasi hiyo, ishia hapo. Tunakushauri hivyo ingawa kazi yenyewe ni ndogo na malipo yake ni madogo.

Asiye na nafasi hiyo, au ambaye mlango wake wa awali umeshapotea, atengeneze topu mpya tu (yaani mlango wenyewe bila fremu) na kuifunga kwenye fremu ileile. Mninga tunao, na ni mbao isiyocheza sana ikikauka. Shida ni kwamba nyingi inauzwa mbichi. Kanuni ya maseremala ni mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi ya unene, na topu ya kubeba kioo inataka unene wa milimita 45. Mbao zikiwa mbichi, topu inajikunja na kioo ndicho kinachopasuka. Dai pia stakabadhi na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu.

Chukua topu ya sentimita 80 kwa 200. Nguzo za pembeni na ubao wa juu ziwe sentimita 12, ubao wa kitasa 20, wa chini 25, zote ziungwe kwa ulimi na tundu, si kwa misumari. Sehemu ya chini iwe mbao tupu. Kioo kianzie sentimita 110 kutoka chini, kwa sababu chini ya hapo ndipo magoti, ndoo na baiskeli hugonga. Unabaki na uwazi wa sentimita 56 kwa 78. Ukichonga ngazi ya kukalia kioo ya milimita 12 kila upande, nafasi inakuwa sentimita 58.4 kwa 80.4. Kioo kikatwe 57.8 kwa 79.8, yaani milimita 3 za kupumulia kila upande. Wengi wanakibana kioo mpaka kiguse mbao, na mvua za Novemba zikianza, mbao inavimba na kioo kinalia.

Kioo chenyewe kinachorwa kwanza kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Vipande vinaungwa kwa fito za risasi (ile metali laini ya kijivu) zenye umbo la herufi H, na ule ukuta wa katikati ya H una unene wa karibu milimita 1.75. Kila kipande lazima kipunguzwe kuacha nafasi hiyo. Ukisahau, katika safu ya vipande kumi utakuwa umezidi kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, na hakuna nguvu itakayoirudisha. Angalia pia ubavu wa kioo kilichokatwa: kioo cha rangi halisi kina rangi ndani yake, hakikupakwa juu wala kubandikwa karatasi ya plastiki. Rangi ya kupaka inapauka kwa jua letu.

Viungo vinalehemiwa kwa mchanganyiko wa bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Huo unayeyuka karibu nyuzi 190 za Selsiasi, na risasi ya fito inayeyuka kwa 327. Pasi ya kulehemia ikipita moto huo inakula fito, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Usitumie ile tindikali ya kulehemia rejeta za magari, kwani inaendelea kula risasi miaka mingi baadaye.

Baada ya kulehemu ndipo inapokuja hatua ambayo fundi mwenye haraka anairuka, nayo ndiyo roho ya kazi. Saga chaki ya unga (si chokaa ya kupaka ukutani) na mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ongeza masizi kidogo ili iwe nyeusi, kisha isukume kwa brashi chini ya kila ufito, pande zote mbili. Nyunyiza chaki kavu, sugua, laza kioo kwenye meza iliyonyooka kwa wiki nzima. Mchanganyiko huo ndio unaozuia mvua, vumbi na mtikisiko. Bila huo vipande vinacheza ndani ya fito, na kila mlango ukibamizwa vinalegea zaidi. Nyuma funga nondo mbili za milimita 8, zikigawa urefu mara tatu, kwa waya wa shaba uliolehemiwa kwenye viungo. Risasi inatanuka kwa joto takriban mara tatu ya kioo. Mlango unaoelekea magharibi bila baraza, usipokuwa na nondo, utafura tumbo.

Upande wa barabarani weka kioo cheupe cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati, unene wa milimita 6.38. Hicho hata kikipasuka hakimwagiki. Acha nafasi ya milimita 6 kati yake na kioo cha rangi, na toboa vitundu viwili vya milimita 5 upande wa ndani, juu na chini, ili jasho la kioo litoke. Silikoni yenye harufu ya siki usiiguse: inakula risasi na kuharibu ule utando. Tafuta isiyo na harufu hiyo. Vipande vyembamba vya mbao vinavyoshikilia kioo viwe upande wa ndani, vifungwe kwa skrubu za shaba nyeupe kila sentimita 15, kusudi anayekarabati baadaye asipige nyundo.

Topu ya namna hii inafika karibu kilo 45, hivyo itake bawaba tatu za inchi 4. Ifunge kwanza ikiwa na plaiwudi mahali pa kioo, iache wiki kadhaa, hasa mvua zikiwa zimeanza, uirande inapogusa mpaka ibaki nafasi ya milimita 3 pande zote. Mlango unaofunga vizuri Septemba unaweza kugoma Januari, na kuranda topu yenye kioo ni kukitafutia ufa. Kioo kiingie mwisho. Weka na kizuizi cha sakafuni ili upepo wa mchana usiubamize.

Rangi ya zamani kwenye fremu inaweza kuwa na risasi. Usiikwangue kavu wala kuichoma kwa moto. Ilowanishe kwanza, kusanya mabaki yote, na watoto wakae mbali. Fundi wa fito naye asile chakula mezani pa kazi, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Topu ya awali isimamishwe ndani ya nyumba kwa ubavu, juu ya matofali mawili, mbali na ukuta kwa shibiri moja ili mchwa aonekane akianza kupanda. Bawaba, pini na kitasa chake vifungwe kwenye mfuko na kuning'inizwa hapohapo.

Wako,
Maseremala na mafundi vioo,
Tabora