Asante, mama wa maua wa Gorkha
Mama yangu, jina lako silijui na Kiswahili hukisikii, lakini asante yangu lazima niitoe hadharani.

Tulikutana huko Nepal, chini ya ngazi za mawe zinazopanda hadi Gorkha Durbar, kasri lenye historia ya Prithvi Narayan Shah, aliyezaliwa Gorkha mwaka 1723 na kuja kuiunganisha Nepal. Tetemeko la 2015 lililitikisa, likakarabatiwa. Kule juu kuna hekalu la Kali, mungu wa kike wa Wahindu, na vitu vya ngozi haviingii. Mimi nilivaa viatu vya ngozi, mkanda wa ngozi, pochi ya ngozi, ng'ombe mzima!

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kisha ukanivulia ndala zako za bluu, kanda moja imefungwa kwa waya, ukabaki pekupeku huku ukitunga maua yako ya njano. Pochi ukaifunika kwa shali. Nami nikapanda, nikauona mlima Manaslu, mita 8,163, mweupe pee.

Niliposhuka, ulinihesabia hela zangu noti kwa noti. Hata rupia kumi ya chai ulikataa. Mtakaopita pale, jamani, mnunulieni maua.