Kwa mdogo wangu uliyeninunia tangu hitima

Mdogo wangu,

Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, na kwenye kundi la familia umejitoa. Basi nakuandikia hapa, maana najua hapa huwa unapita hata ukinuna.

Kwanza hongera. Kutoa riwaya kwa hela yako mwenyewe, ukalipa wachapaji, ukapakia maboksi ya vitabu kwenye basi mpaka Tanga, si jambo dogo. Jalada limependeza. Ile sura ya wavuvi wanavyogawana samaki alfajiri nilimsomea shemeji yako kwa sauti. Nilikuambia hivyo, ila wewe ulishika mengine.

Mimi nilichoshika ni hitima ya mama mkubwa. Watu wameshakula, majamvi bado yametandikwa uani, shangazi zetu wanakunywa kahawa. Wewe umekaa mlangoni, simu mkononi. Msomaji mmoja ameandika kwamba mzee aliyezikwa sura ya nne anaonekana sura ya kumi na tisa akiagiza chai. Ukaitafuta namba yake kwenye orodha ya walionunua, ukampigia, ukaweka spika. "Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?" Yule binti akajibu taratibu, "Samahani kaka, nimeuliza tu. Kitabu nimekinunua kwa hela yangu." Ukamwambia akirudishe, utamlipa na nauli. Shangazi akaweka kikombe chini. Binti alikuwa analia, uani kote tunasikia, na wewe unaendelea kusema. Simu niliikata mimi.

Sasa unasema nimekudhalilisha mbele za watu. Mimi?

Unapenda kumtaja mwandishi Kezilahabi, kwamba naye alipingwa. Alipingwa, ndiyo. Riwaya yake Rosa Mistika ilitoka 1971 ikapigwa marufuku shuleni, baadaye ikarudi madarasani. Diwani yake Kichomi ilipotoka 1974, watu wa vina na mizani wakasema hayo si mashairi. Lakini mwenzako vina aliviacha makusudi, akasimama na hoja yake, na 1988 akatoa diwani nyingine, Karibu Ndani, vina bado hakuna. Wewe mzee umemfufua kwa kusahau. Mgogoro wa fasihi uko wapi hapo? Ni kosa la mswada, na mswada nilikurudishia nimeandika pembeni kwa penseli, "Huyu si tulishamzika?" Ukasema wahariri wanakula hela za watu bure, na dada yako ana wivu.

Wivu wa nini? Na mimi nimesemwa. Kuna aliyeandika kuwa hadithi zangu zinafaa kufungia maandazi, na watu wakamwekea vicheko chini yake, wengine ni majirani zetu. Uliniona nikimpigia mtu? Tangu siku ile maoni anayasoma kwanza shemeji yako. Yenye ukurasa, jina la mhusika, sentensi iliyomkwaza mtu, ananionyesha. Matusi anayapita. Sifa tupu nazo anazipita, na hilo, nikuambie ukweli, ndilo linaloniuma zaidi. Usiku sisomi chochote. Simjibu mtu hata kwa shukrani, maana anayeanza kwa kushukuru huishia kubishana.

Na zile nyota tatu kule Goodreads, mtandao ambako wasomaji huvipa vitabu nyota, acha kuzunguka ukiuliza watu. Ni mimi. Tatu kati ya tano kwa kitabu chenye wavuvi wale na marehemu anayeagiza chai ni haki kabisa. Nisingekuwa dada yako ningetoa mbili. Ulitaka nitoe tano ili iweje? Mnunuzi akute tano za ukoo mzima, afike sura ya kumi na tisa, atuone sote waongo? Nilikuwa nakulinda. Hata simu ile nilikukatia kwa faida yako, kwa sababu binti angeamua kurekodi, leo ungekuwa unasikika mji mzima, na nani angenunua?

Mama anauliza kama Idi utakuja. Nimemwambia utakuja.

Ukitoa toleo la pili, yule binti mpelekee kopi, bila barua, bila maelezo. Mhariri nimeshakutafutia, anataka kuanza mwezi ujao. Hela yake nitachangia nusu tu. Ile niliyokukopesha ya uchapaji bado sijaiona.

Dada yako