Gesi kwenye injini ya dizeli: tupewe hesabu yote

Ndugu Mhariri,

Sisi wenye malori hapa Dar es Salaam siku hizi tunashawishiwa sana: funga mitungi ya gesi asilia, dizeli itapungua nusu. Sina ugomvi na gesi. Ya kisiwa cha Songo Songo nchi yetu inaitumia tangu 2004, karibu yote ni methani, na bei yake inavutia. Ugomvi wangu ni hiyo "nusu" inayotajwa kwa kila lori na kila barabara.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hugandamizwa hadi ipate moto mkali, dizeli ikinyunyizwa inajiwakia yenyewe. Methani ni mkaidi, huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 500 ili ijiwakie, karibu mara mbili ya dizeli. Ndiyo maana dizeli haiondoki kabisa. Lazima ibaki kidogo ya kuiwasha gesi iliyoingia na hewa.

Lori likipanda mlima Kitonga na tani 30 mgongoni, silinda zina joto la kutosha na gesi ni nyingi, inaungua vizuri. Moshi mweusi hupungua na nguvu hukaribia ile ya dizeli tupu. Hapo akiba ipo kweli. Lori hilohilo likinasa kwenye foleni ya Tazara, au likirudi bila mzigo, gesi huwa kidogo mno ndani ya hewa nyingi. Moto hauenei, na sehemu ya gesi hutokea kwenye ekzosi bila kuungua. Umeilipia, imepotea, na huko angani methani hupasha joto kuliko hewa ya ukaa zaidi ya mara 80 kwa kipimo cha miaka 20.

Kibaya zaidi ni wanaochomeka mtungi wa gesi ya kupikia kwenye jenereta au mashine ya kusaga. Gesi hiyo huwaka kwa urahisi kuliko methani. Ukiizidisha kwenye mzigo mkubwa injini inaanza kugonga, na pistoni inaweza kutoboka. (Fundi atakwambia ni oili mbovu.)

Naomba EWURA, wadhibiti wa nishati, na TBS, shirika la viwango, wawabane wauzaji wa mifumo hii waandike matumizi ya dizeli na gesi kwa robo mzigo, nusu na mzigo kamili, pamoja na joto la moshi. Anayebeba mchanga Mbagala hapa jijini na anayekwenda mbali hadi Tunduma mpakani hawawezi kuuziwa kwa ahadi moja.

Mwenye lori,
Temeke, Dar es Salaam