Jamani tuchangie vyombo vya bendi yetu, ampu ya besi imeshakufa

Wadau na wapenzi wote wa muziki wa laivu, kamati inakuja kwenu na ombi. Bendi yetu ya rock, ile ya watu watatu, imekwama. Ampu ya besi, ile mashine ya kukuza sauti ya gita la besi, imeungua, fundi kaifungua akasema haitengenezeki tena, na shoo wanazoalikwa huku kanda nzima wanaanza kuzikataa na inauma sana kuona hivyo.

Bendi kubwa ikipoteza chombo kimoja mambo yanasonga, ila hawa wana gita, besi na drams basi, hakuna kinanda wala gita la rizim. Mpiga solo akipaa, besi ndiye anashikilia wimbo pale chini, akinyamaza yeye unabaki na mifupa mitupu. Kuna wanaouliza si achomeke tu kwenye ampu ya gita? Hapana. Uzi mnene wa besi unatetema kama mara 41 kwa sekunde na wa gita kama 82, sasa spika ya gita haikuundwa kusukuma sauti nzito hivyo, ukifungulia inakoroma mpaka inachanika, halafu mnakuwa mmepoteza ampu mbili badala ya moja.

Na msione watatu ni wachache. Cream ya Uingereza mwaka 1966 ilikuwa ya watatu, na mpiga drams wao Ginger Baker ndiye baadaye alikuja Lagos na akapiga na Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, kwenye albamu ya laivu ya 1971. Rush wa Kanada walipiga watatu walewale toka 1974 mpaka ziara yao ya 2015! Uchache unawalazimisha kusikilizana, na vijana wetu wanasikilizana kweli.

Mmewasikia wenyewe. Nyimbo zao zina mambo yake, kuna ule wa mtu anayegombana na funguo zake, kuna ule unaohesabiwa midundo saba badala ya nne na bado watu wanaucheza sijui wanafanyaje, na hata wakipiga kopi za nyimbo za wengine hawapigi kama ilivyo kwenye rekodi, wanaivunja wanaijenga upya mpaka kwenye kiitikio ndo unashtuka kumbe ni huu! Lakini mimi kinachonileta kila mara ni jemu. Besi anaanza na mstari mmoja anaurudia rudia, drams anaingia taratibu, gita anatafuta pa kupita, hakuna aliyepanga kitu, wanaangaliana tu machoni, mpiga drams akiinua fimbo juu wote wanajua hapa tunageuka, na ile kitu hairudiwi tena kesho, ikipita imepita.

Ndo maana tumeongeza ombi la pili, mashine ya kurekodi ambayo kila chombo kinaingia kwenye njia yake, na maiki za drams, angalau nne, moja ya besi dramu, moja ya sneya na mbili za juu. Jemu ngapi nzuri zimepotea hivi hivi, na nyingine ndani yake kuna wimbo mzima unasubiri kumaliziwa. Ngozi za drams na nyuzi nazo zimechoka, ila hivyo ni vidogo.

Vyombo vitabaki mali ya kikundi, na siku bendi haifanyi mazoezi vijana wanaojifunza watavitumia. Kila kitakachonunuliwa risiti itabandikwa ukumbini muione wote.

Mchango wowote unapokelewa kwa mweka hazina wetu, pesa, kifaa kilichotumika lakini kizima, au kama wewe ni fundi sauti basi muda wako. Ampu ndo tunanunua kwanza, mashine ya kurekodi itafuata. Na kama una ampu ya besi imekaa tu stoo inapigwa vumbi, tuambie tuje kuibeba wenyewe.