Dawa ya ng'ombe ndani ya seli zangu

Heidelberg, Jumamosi

Neema rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na mvua za Simanjiro zimeshika.

Uliniuliza kwenye simu nafanya kazi gani hasa. Nakuandikia kwa sababu wiki hii nimekukumbuka sana.

Unajua jinsi bakteria sugu wanavyojilinda na tetrasaiklini, ile dawa ya kuua bakteria. Kuna protini inayokalia jeni kama bawabu mlangoni. Dawa ikiingia, bawabu anabanduka, na bakteria anatengeneza pampu za kuitoa nje. Mwaka 1992, hapa hapa Heidelberg, Manfred Gossen na Hermann Bujard walimuunga bawabu huyo na kipande cha protini ya kirusi cha herpesi chenye nguvu ya kuamsha jeni. Ndani ya seli za binadamu akawa swichi: pasipo dawa jeni inafanya kazi, ukitia tetrasaiklini kidogo tu inazimika. Mwaka 1995 ikapatikana na ya kinyume chake.

Seli zangu zina swichi ile ya kwanza, na jeni ya protini ya kijani ya yavuyavu wa baharini. Bila dawa zinatakiwa ziwake. Jumatatu nainama kwenye hadubini: giza. Narudia: giza. Nilikaribia kulia. Mwenzangu mmoja wa siku nyingi akaniuliza, "Unazilisha nini?" Nazilisha seramu ya damu ya ndama. Kumbe ng'ombe wa huko seramu ilikotoka walitibiwa kwa tetrasaiklini, na mabaki yakaja mpaka chupani! Nikakuona umesimama zizini, unamsihi yule mzee asiuze maziwa mpaka siku za dawa ziishe. Siku ile nilidhani unamwonea.

Nikaziosha, nikatia seramu iliyopimwa ikaonekana haina dawa. Jana asubuhi zilikuwa zinawaka moja moja, kama vimulimuli.

Sasa nina jambo linaloninyima usingizi. Jeni ikishaingizwa mwilini mwa mgonjwa haitoki kirahisi, kwa hiyo kidonge cha kuizima ni kitu cha thamani kubwa. Lakini kwetu doksi, ndugu yake tetrasaiklini, inanunuliwa dukani kama peremende. Swichi ya namna hii itaguswa bila kukusudia, mgonjwa akimeza doksi kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 2015 watafiti wa Stanford walionyesha nyingine, inayozimwa kwa asunaprevir, dawa ya homa ya ini C, na mimi naona njia hiyo ndiyo ya kufuatwa.

Niandikie dawa zote wanazotumia wafugaji wako, hata zile za kienyeji. Nataka kumwonyesha profesa wangu kabla hatujachagua swichi ya kazi yetu ijayo.

Wako,
Zuhura