Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Gari la Chama na Safari ya Daino

Ndugu wanachama,

Nawasalimu, na nawashukuru ninyi mliofika. Shughuli za kawaida mnazijua. Kamati ilikaa mara 7, msafara wa Bagamoyo ulifanyika kama kila mwaka, gereji ilipakwa rangi, tulimzika mzazi wa mwenzetu na kuwajulia hali wagonjwa 3. Hapo sina la kuongeza.

Nitasema kuhusu safari ya Nairobi, tulikopeleka gari kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari kwenye magurudumu), kwa kuwa imesemwa sana, na wengi walioisema hawakuwepo.

Gari letu, Toyota MR2 ya 1987 yenye injini ya 4A-GZE, ya supachaja (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini), limetugawa miaka miwili sasa. Wapo wanaosema injini imekwisha, liuzwe; wapo wanaosema ni nzima. Niliitisha mkutano mara mbili tuamue. Tuko wanachama 41, akidi ni 21. Mara ya kwanza walikuja 13, mara ya pili 11, na wawili kati yao waliondoka kabla ya chai. Katiba inairuhusu kamati kutumia hadi shilingi 3,000,000 bila mkutano mkuu. Safari imegharimu 4,860,000: lori la kubeba gari 2,900,000, daino na fundi 1,120,000, karatasi za mpakani na bima 380,000, chakula na malazi 460,000. Nimevuka kiwango, nakiri, na sahihi ni yangu. Lakini naomba wa kwanza kuniuliza awe yule aliyekuja kwenye vikao vile.

Karatasi ya daino ilipofika kwenye kundi letu, watu waliona nguvu za farasi 97, wakakumbuka kwamba kitabu cha Toyota kinasema 145. Maneno yakaanza kwamba mwenyekiti amesafirisha gari kilomita karibu 900 kwenda kupoteza farasi 48.

Ndugu zangu, ile 145 ilipimwa kwenye injini. Daino hupima kwenye magurudumu, baada ya giaboksi kula sehemu yake, na mafundi huikadiria kuwa kama asilimia 15. Halafu Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu ya Pwani, shinikizo lake likiwa dogo kwa karibu asilimia 18. Kuna aliyeandika kwamba supachaja haijali mwinuko. Anaichanganya na turbo, inayozungushwa na moshi wa injini, ambayo inaweza kuzunguka kasi zaidi ikafidia kiasi. Yetu inavutwa na mkanda kutoka kwenye krenki (mhimili mkuu wa injini). Kila mzunguko inameza lita 1.2 za hewa, iwe nzito iwe nyepesi. Toeni hayo mawili kwenye 145, moja baada ya jingine, mtabaki na kama 101. Injini ya karibu miaka 40 imetoa 97. Injini ile ni nzima, na hilo ndilo swali lililotupeleka.

Tena 97 haikuja yenyewe. Raundi ya kwanza ilikuwa 86. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari. Taa ya kijani ya supachaja iliwaka vizuri, shinikizo likapanda, kisha kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika likaanza kushuka, na harufu ya mpira unaoungua ikaingia kupitia dirishani. Fundi alisema ni klachi ya sumaku ya supachaja, inunuliwe nyingine. Nikasema hapana, ni mkanda unateleza. Tulipoutoa, upande wa ndani ulikuwa unang'aa kama sahani. Nilikuwa na mpya kwenye begi, nimeununua kwa fedha zangu kabla ya safari. Baada ya hapo tukakuta ufa chini ya klipu ya bomba la intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini), mpana kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ni mimi pia niliyeomba feni ihamishiwe nyuma. Walikuwa wanapuliza mbele, na injini ya MR2 iko nyuma ya viti.

Sasa puli, yaani gurudumu linalovuta mkanda. Fundi alitaka kufunga puli kubwa zaidi ya krenki ili supachaja izunguke kasi, akaahidi farasi 110. Wenzetu wawili niliosafiri nao waliafiki, na bado wana kinyongo. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Kipimo cha moshi kwenye mizunguko ya juu kilionyesha sehemu 12.4 za hewa kwa 1 ya petroli. Injini inayopulizwa mimi nataka iwe kati ya 11.5 na 12. Ukiongeza hewa bila kuongeza petroli, joto linapanda na injini inaanza kunoki, yaani petroli inalipuka ovyo na kugonga pistoni. Na marekebisho yale yangefanyiwa hewa nyepesi ya Nairobi. Gari likishuka Dar, kwenye hewa nzito na joto la Februari, kilichotulia kule kinanoki Ubungo. Tungerudi na karatasi ya 110 na pistoni zilizotoboka.

Ada. Mwaka mzima ni shilingi 120,000 kwa mwanachama. Waliolipa yote ni 16, waliolipa nusunusu 14, na 11 hawajatoa hata senti. Zimeingia 2,640,000, bado tunawadai wanachama 2,280,000. Ukijumlisha na michango ya 900,000 na akiba ya 6,310,000, ukatoa safari na matumizi mengine ya 1,370,000, benki tuna 3,620,000. Inaniuma kwamba baadhi ya waliopiga kelele zaidi kuhusu safari wamo kwenye wale 11. Majina anayo mhazini.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kulipima gari tena mahali palipo usawa wa bahari, na fedha zikiruhusu tufikirie nozeli kubwa zaidi za petroli. Suala la puli lije kwenye mkutano wenye akidi.

Mwenyekiti,
Dar es Salaam