Pesa Yenye Tarehe Isiingie Kwenye Hisa: Barua kwa Vijana wa Chama

Wanangu, salamu nyingi, na poleni na kazi.

Mwenyekiti wenu amenieleza kuwa mnataka kutoa akiba yote ya chama benki na kununulia hisa kwa mpigo mmoja kabla mwaka haujaisha. Ameniomba neno kwa kuwa nimeshika vitabu vya sacco maisha yangu yote ya kazi. Nimeamua kuliandika wazi, ili vikundi vingine vya mtaani navyo vilisome, maana najua swali hili mnaliuliza wengi. Nimefurahi kuona mnatazama mbele kuliko pesa za kugawana Desemba. Lakini mpango huo, kama ulivyo, siuungi mkono.

Tuanze na mnachonunua. Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Kampuni ikipata faida na ikaamua kuigawa, unapata gawio. Isipopata, hupati, wala huna wa kumdai. Hatifungani, au bondi kama wengi mnavyoiita, ni mkopo: wewe ndiye mkopeshaji, na serikali au kampuni ndiyo inayodaiwa. Riba ni kiasi gani, italipwa lini, deni lenyewe litarudi mwaka gani, yote yameandikwa. Ukiikopesha serikali shilingi 100,000 kwa asilimia 12, kila baada ya miezi sita unapata 6,000 kabla ya kodi, na muda ukiisha laki yako inarudi. Kampuni ikifilisika, wanaoidai hulipwa kwanza. Wenye hisa hungoja kitakachobaki, na mara nyingi hakibaki kitu.

Ninalotaka mlishike ni hili. Kabla ya kuuliza hisa gani inapanda, ulizaneni pesa hii tutaihitaji lini. Pesa ya karo ya Januari ina tarehe. Pesa ya kumalizia kiwanja ina tarehe. Soko la hisa halijui tarehe zenu, na siku mtakayolazimika kuuza huenda ikawa ndiyo siku mbaya kuliko zote.

Chukueni Safaricom, kwa kuwa ndiyo mnayoitaja kila mara. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni hiyo ya simu kwa shilingi 5 kila moja. Nchi nzima ilipanga foleni, na wengi walikopa ili wanunue. Maombi yalizidi hisa mara kadhaa, kwa hiyo mwananchi wa kawaida alipewa kama moja ya tano tu ya alichoomba. Mkopo wake, hata hivyo, ulihesabiwa riba kama kawaida. Hisa zilianza kuuzwa sokoni mwezi Juni, bei ikapanda juu ya shilingi 7, watu wakashangilia. Kisha ikateremka, na mwaka 2009 ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa mkopo hakuweza kusubiri, maana benki ilikuwa inangoja pesa zake, akauza kwa hasara. Jirani yake aliyenunua kwa pesa isiyokuwa na kazi nyingine alikaa kimya akipokea gawio, na mwaka 2021 hisa ileile ilipita shilingi 40. Walinunua pamoja, kwa bei moja. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alikuwa na tarehe ya kulipa na mwingine hakuwa nayo.

Wauza maneno huishia hapo, nami nawasihi msiishie hapo. Kuna watu walionunua kwa 40 mwaka huohuo wa 2021 wakiamini kampuni kubwa kama hiyo haiwezi kushuka. Mwaka 2023 bei ilikuwa chini ya shilingi 15. Mpesa ilikuwa inafanya kazi kila kona na faida bado ilipatikana. Lakini riba zilikuwa zimepanda Marekani, wageni wakauza hisa zao huku na kupeleka dola zao kule, na kampuni yenyewe ilikuwa imeingia Ethiopia, kazi iliyotaka fedha nyingi kabla haijalipa. Kwa mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2025 gawio lilikuwa shilingi 1.20 kwa kila hisa. Fanyeni hesabu hiyo kwa kalamu, msiisome tu. Aliyenunua kwa 5 anapata shilingi 24 kwa kila mia aliyoweka. Aliyenunua kwa 40 anapata 3. Gawio ni lilelile, na wala kampuni haikumdhulumu mtu. Bei uliyoingia nayo ndiyo iliyoamua, na ndiyo maana sipendi neno "kwa mpigo mmoja" katika mpango wenu. Nunueni kidogo kidogo, mwezi huu na mwezi ule, ili bei ya juu ya siku moja isiwabebeshe mzigo wa miaka.

Najua mmoja wenu atasimama aseme: basi tuweke zote kwenye bondi za serikali, tulale usingizi. Ni wazo zuri kuliko lile la kwanza, ila nalo lina hatari zake. Februari 2024 Benki Kuu ilitoa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu, riba yake ikiwa zaidi ya asilimia 18, tena bila kodi. Walitafuta shilingi bilioni 70, watu wakaleta zaidi ya bilioni 280. Jiulizeni kwa nini serikali ilikubali kulipa kiasi hicho. Mwezi Juni mwaka huo ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipa nje, na wakopeshaji walikuwa na wasiwasi kama itaweza. Ile riba nono ilikuwa bei ya wasiwasi huo. Deni lililipwa, hofu ikatulia, na kufikia katikati ya 2025 mkopo wa siku 91 kwa serikali, ambao mwanzoni mwa 2024 ulilipa kama asilimia 16, ulikuwa unalipa karibu 8. Popote mtakapoona riba inayopita ya wengine, tafuteni kwanza nani anaogopa nini.

Jambo la pili kuhusu bondi, na hili huwashangaza hata watu waliosoma. Tuseme mna karatasi ya asilimia 12 ya miaka kumi, na baada ya mwaka mmoja mnahitaji pesa. Wakati huohuo serikali inatoa mpya kwa asilimia 18. Nani atainunua yenu kwa laki kamili na mpya inalipa zaidi? Mtapunguza bei ndipo ipate mnunuzi. Mkikaa nayo hadi mwisho mtalipwa laki yenu yote, lakini ni wale tu wasio na tarehe ya karibu wanaoweza kukaa. Mnaona tumerudi palepale.

Hatifungani za kampuni zinahitaji macho zaidi. Mwaka 2015 Imperial Bank ilikusanya shilingi bilioni 2 kwa hatifungani. Oktoba, zikiwa karibu kuanza kuuzwa sokoni, Benki Kuu ikaifunga benki hiyo. Karatasi za mauzo zilikuwa zimepita mikononi mwa wataalamu na kupata vibali vyote. Hapo msomi na asiyesoma walikaa benchi moja kungoja.

Na kuna hatari ambayo haionekani kwenye bei hata kidogo, ya kukosa pa kuuzia. Uuzaji wa hisa za Kenya Airways ulisimamishwa Julai 2020 na haukuruhusiwa tena hadi Januari 2025. Mwenye hisa hizo aliyeuguliwa na mama yake mwaka 2022 alikuwa na mali asiyoweza kuigusa.

Msidhani basi kwamba nawaambia mrudishe pesa kwenye sanduku. Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 9.6, na akaunti ya kawaida ya akiba haikulipa hata nusu yake. Kina mama wanaopika mandazi wanajua walinunua mafuta na unga kwa bei gani mwaka ule. Pesa iliyolala nayo inapungua, polepole tu.

Kwa hiyo daftari lenu liwe na safu tatu. Ya kwanza ni pesa ya dharura na ya shughuli za ndani ya mwaka: karo, msiba, ukarabati wa pikipiki. Hiyo ikae sacco au benki, mahali mnapoweza kuitoa kesho. Ya pili ni ya miaka miwili mitatu, kama kile kiwanja. Hiyo itafutiwe hati za serikali zinazokomaa kabla ya siku ya kulipa, msichukue ya miaka ishirini kwa sababu riba yake imewapendeza. Bondi ya serikali huanzia shilingi 50,000, na sasa inanunuliwa kwa simu moja kwa moja Benki Kuu, bila dalali. Ya tatu ni ile ambayo hata ikipungua nusu hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani. Hiyo tu ndiyo inunue hisa, tena za kampuni nne au tano za kazi tofauti: benki, simu, umeme, bidhaa za nyumbani. Nikikisia kutokana na aliyonieleza mwenyekiti, safu hiyo haitafika robo ya mlicho nacho. Nayo inatosha kuanzia.

Wapo kati yenu waliosema hawataki riba kwa ajili ya dini yao. Msiwashinde kwa kura. Hisa ni ushirika wa faida na hasara, na kampuni ambayo biashara yake haiwakwazi inaweza kuwafaa. Fungu lao lihesabiwe kando, na wamuulize sheikh wanayemwamini.

Yule kijana wa kikundi cha WhatsApp anayewaahidi pesa kuzaa mara mbili ndani ya mwezi, msimpe hata shilingi. Dalali wa kweli ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha yao iko wazi kwa kila mtu kuisoma. Hisa zenu zitakaa kwenye akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki ya kuhifadhia hisa, na taarifa zake mtazipata wenyewe, si kwa kusimuliwa.

Akaunti hiyo ifunguliwe kwa jina la chama. Nimeona kikundi kikinunua kwa jina la mweka hazina kwa sababu ilikuwa rahisi siku ile. Alipofariki, familia yake ilizihesabu hisa zile kuwa urithi, na wanachama wakaingia mahakamani na daftari la michango mkononi. Nendeni na cheti cha usajili wa kikundi, kumbukumbu za kikao kilichopitisha uamuzi, na watia saini watatu, ambao hata mmoja wao asiwe ndugu wa mwingine.

Ni mimi mzee wenu,
Likoni.